Wasomaji Wauliza: Fumbo la Jumamosi Lagoma Kujaa

*Barua za safari hii zote zinahusu fumbo la maneno la mwisho wa wiki: lile la vyumba 15 kwa 15, lenye vidokezo vya Mlalo na vya Wima, linalowafanya watu wasahau chai ikapoa.*

Nikifungua ukurasa nakuta vyumba vitupu na vidokezo vyenye maana tatu tatu. Nianzie wapi?
*Msomaji, Tanga*

Usianze na maana, ndugu. Anza na sarufi. Neno la Kiswahili hujitambulisha kichwani, na karibu kila mara huishia kwa irabu. Hayo mawili utayajua kabla hujajua jibu lenyewe.

Shika penseli (kalamu ya wino iache kwa fumbo la Jumatatu), upitie vidokezo vyote mara moja bila kujaribu kujibu. Tafuta upatanisho tu. Kidokezo kikisema "Vya jikoni", andika V hafifu kwenye chumba cha kwanza. "Kinachofungwa kiunoni" ni K, au C ikifuatwa na H. "Washonao nguo" ni W, ila ukihisi jibu ni mnyama acha, maana simba ni simba awe mmoja au mia. "Lina mbegu nyingi" linataja neno la ngeli ya LI-YA, na umoja wake aghalabu hauna kiambishi, basi usiandike kitu. "Ya" ndiyo ya kuogopwa: inaweza kuwa ya miti, ya maji au ya nyumba.

Vitenzi navyo vina adabu yao. "Kualika" hutaka jibu lenye KU. "Alika" hutaka shina tupu. "Amealika" hutaka AME. Mtunzi anayejiheshimu havunji sharti hili.

Kisha nenda mikiani. Chumba cha mwisho ni irabu. Kitenzi chenye asili ya Kibantu kitaishia A. Vyenye asili ya Kiarabu, kama samehe, jibu na fikiri, ndivyo vinavyotega. Kikanushi cha wakati uliopo huishia I (haendi), na "aende" huishia E. Wanaovunja kanuni ni wachache: RAIS, majina ya mahali kama CHAD, na vifupisho.

Mtego mkubwa zaidi ni HU-. "Hukata", "hulala", "hukua": hapo hakuna nafsi wala ngeli, hujui ni mtu, mti au kisu. Watunzi huipenda HU- kwa sababu hiyo hiyo. Kidokezo cha namna hiyo kiache hadi upate herufi mbili za njia panda, yaani za vyumba ambamo Mlalo na Wima hukutana.

Ukishamaliza mzunguko huo, chagua kona moja yenye majibu mawili unayoyajua kwa hakika, uimalize kabla ya kuhamia nyingine. Anayerukaruka ukurasa mzima hubaki na maneno 12 yasiyogusana.

Shikamooni wahariri. CH ni chumba kimoja au viwili? Na NG'?
*Mwanafunzi, Mtwara*

Marahaba. Magazeti hutofautiana, lakini kawaida ni viwili. Kuhakikisha, tafuta kidokezo chepesi chenye jibu la CH, SH au NY, uhesabu: CHAI ikiwa na vyumba vinne, basi fumbo zima ni la herufi moja moja, ikiwa na vitatu, CH imebanwa pamoja. King'ong'o hakina chumba chake. NG'OMBE huandikwa NGOMBE, vyumba sita.

Kona hii imenishinda. Mlalo 1: "Mpishi humkalia mgongoni (5)". Mlalo 4: "Madhubuti (5)". Wima 1: "Hukua, lakini hauna mizizi (3)". Wima 2: "Wa mezani, ukiupindua, Lamu (3)". Wima 3: "Alika (3)". Safu ya kati ina vyumba vitatu tu, cha kwanza, cha tatu na cha tano. Nimeandika MTI na ITA, kwingine giza.
*Msomaji, Morogoro*

ITA ni sahihi. Inakupa I mwishoni mwa Mlalo 1 na A mwishoni mwa Mlalo 4. MTI si sahihi, lakini kwa bahati M na I zake zimeangukia pahali pake, kwa hiyo bado hazijakuharibia.

Anza na "Madhubuti": inaanza I, inaishia A, herufi tano. IMARA. Sasa chumba cha tatu cha safu ya chini kina A, nayo ndiyo mwisho wa Wima 2. "Wa mezani" ni neno la M- au la U-, herufi tatu, linaishia A: UMA. Lisome kutoka chini kwenda juu upate AMU, jina ambalo wenyeji wa Lamu huliita kwao, ndiyo maana lahaja yao ni Kiamu.

Mlalo 1 sasa ni M, pengo, U, pengo, I. Hapa ndipo watu huzama, kwa sababu mapengo yote mawili ni herufi pweke, hazikatwi na neno lolote la Wima. MKUKI unakaa. MSUSI anakaa. MBUZI anakaa. Kidokezo peke yake ndicho kitakachoamua. "Humkalia" imekuvuta kwenye kiumbe, ukawaza punda au farasi. Lakini mpishi hukalia mbuzi ya kukunia nazi: kile kibao chenye chuma cha meno kilichochomoza mbele. Kwa sarufi kali kifaa hicho ni "mbuzi ya", si "mbuzi wa", basi mtunzi amekopa upatanisho wa mnyama ili akupoteze. Wapo watakaosema huo ni uchokozi. Sisi tunaona ni fumbo la Jumamosi.

Imebaki Wima 1. Soma tena: "hauna mizizi". Kinachokua bila mizizi ni MJI. Ile T yako ilikuwa pweke, na hakuna neno jingine ambalo lingekuja kuisahihisha.

M B U Z I
J ■ M ■ T
I M A R A

Hapa Minneapolis najaza fumbo la New York Times, na humo kila herufi inakatwa na neno jingine. Mbona mafumbo ya Kiswahili yana herufi pweke nyingi? Na je, mbinu zenu zinafaa huku?
*Msomaji, Marekani*

Tazama tena kona hiyo hapo juu, safu ya mwisho. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Kama kila chumba kingekatwa, kila neno la Wima linaloishia ukingo wa chini lingedondosha irabu pale, na neno la Mlalo la safu hiyo lingekuwa irabu tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukingo wa kulia ungekuwa hivyo hivyo. IMARA imewezekana kwa sababu juu ya M na juu ya R kuna vyumba vyeusi. Kwa hiyo herufi pweke si uvivu wa mtunzi. Kiswahili chenyewe hakikubali mpangilio wa Kimarekani.

Mbinu zinafaa, ila zipindue. Kiingereza huweka wingi mkiani, basi huko unaandika S hafifu chumba cha mwisho, nasi tunaandika V au W chumba cha kwanza. Gazeti hilo lilianza kuchapa fumbo tarehe 15 Februari 1942, la Jumapili, mhariri akiwa Margaret Farrar. La kila siku likafuata mwaka 1950. Ugumu hupanda kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. La Jumapili ni kubwa, vyumba 21 kwa 21, lakini si gumu kama la Jumamosi, ambalo ni 15 kwa 15, halina mada inayounganisha majibu, na maneno yake hayazidi 72. Maneno yakiwa machache ndivyo yanavyokuwa marefu, na vyumba vyeusi hupungua, kwa hiyo milango ya kuingilia kona ni michache.

Alama mbili za kule zikumbuke. Kidokezo chenye alama ya kuuliza mwishoni ni mchezo wa maneno, usikichukue kwa uso wake. Kidokezo chenye neno lililofupishwa hutaka jibu lililofupishwa. Ukiona kinauliza "simba" au "uhuru" kwa Kiswahili, hapo umepewa zawadi.

Methali nazijua tangu utotoni, lakini kwenye fumbo hazitoshi vyumba.
*Mama, Kilifi*

Kwa sababu, mama, unaandika Kiswahili cha leo ndani ya methali ya jana. "Asiyesikia la mkuu huvunjika..." ina vyumba vitatu, nawe una MGUU mkononi. Jibu ni GUU. Na ikiwa kidokezo ni "Asiyesikia la mkuu huona...", ni MAKUU. Methali moja, mikia miwili. Hesabu vyumba kwanza, kisha kumbuka.

Ile ya "Kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" ni ghala la watunzi. OMO ni sehemu ya mbele ya chombo, TEZI ni ya nyuma, NGAMA ni chini kabisa maji yanakokusanyika. Angalia kama wametaka NGAMA (5) au NGAMANI (7). OMO, INI na ADA zina faida nyingine: husomeka vilevile ukizigeuza, na vidokezo vya "mbele nyuma sawa" huzunguka humo humo.

Vitendawili navyo huingizwa bila kutangazwa, hakuna wa kukuambia "tega". Ukiona sentensi nzima yenye "yangu" au "wangu" isiyoeleweka, ujue ndicho. "Nyumba yangu haina mlango (3)" ni YAI. "Kuku wangu katagia miibani (6)" ni NANASI. "Popo mbili zavuka mto (5)" ni MACHO.

Ni maneno gani ya kukariri? Na kamusi ipi?
*Msomaji, Nakuru*

Kariri yenye sura mbili, maana ndiyo uti wa fumbo gumu. PAA (la nyumba, wa porini, na kuruka juu, na kuparua magamba ya samaki). TAI. TAA, ambaye pia ni samaki. KIMA, nyani mdogo au nyama ya kusaga. KANGA. MEZA, ya kulia au kitendo cha kooni. PANDA, kitenzi chenye kupanda mlima na kupanda mbegu, tena ni manati. KATA, ya kuchotea maji, au eneo la utawala. KOO, la mtu, au kuku mwenye vifaranga. MTO, wa maji au wa pamba.

Halafu vipimo vya zamani: PIMA ni mikono minne, WARI ni mikono miwili, PISHI ni vibaba vinne, KORJA ni vitu 20. Pepo: KUSI na KASKAZI. Herufi tatu zinazoanza na konsonanti mbili hujirudia sana kwa kuwa zinaokoa kona: NTA, NNE, NZI, NGE, NJE, MBU.

Jua pia mtunzi anatoka wapi. Wa Unguja ataandika TUNGULE ukitafuta nyanya, na MBATATA ukitafuta kiazi. Wa Nairobi anaweza kukuletea RUNUNU na TARAKILISHI pale wa Dodoma angeandika simu na kompyuta.

Kamusi yoyote sanifu inafaa, ukijua inavyopangwa: nomino kwa umoja, kitenzi kwa shina. Anayetafuta VYUNGU kwenye V hatapata, aende CHUNGU. Na ukitafuta neno linaloishia UZI, kamusi haikusaidii. Hapo andika irabu zinazowezekana pembeni ya ukurasa, ujaribu konsonanti moja moja.

Nimejaza vyote, lakini Mlalo mmoja unasoma kitu kisichokuwapo duniani. Nifute lipi?
*Msomaji, Bujumbura*

Tazama konsonanti zilizogusana. C isiyofuatwa na H ni kosa. Q na X hazipo. N haikai mbele ya B wala P. Ukiona hivyo, aghalabu N ilitakiwa kuwa M, na neno la Wima lililokuletea N ndilo la kutiliwa shaka. Kati ya maneno mawili yanayogombea chumba, futa lile lenye njia panda chache zilizothibitika, hata kama ndilo ulilolipenda.

Ikiwa konsonanti ziko sawa, kagua tahajia: mtunzi ameandika DHIRAA au ZIRAA? HERI au KHERI? BIRINGANI au BILINGANYA? Mwisho, rudi vichwani. MTU na WATU hutofautiana urefu, kwa hiyo hujisahihisha. KITI na VITI zina vyumba vinne kila moja, na chumba cha kwanza kikiwa pweke, utalala na kosa lako hadi majibu yachapishwe wiki ijayo.