Klasi zitoke wapi? Maswali yenu kuhusu uchambuzi na usanifu wa kiobujekti

Maswali mengi safari hii yametoka kwa watu ambao Java au Python wanaijua vizuri tu, ila wakipewa mradi mtupu hawajui waanzie wapi. Nimefurahi kwa kweli, maana sintaksi mtu anaishika haraka, kujua nini kiwe klasi (kiolezo cha aina fulani ya kitu, na kila kinachotengenezwa kwa kiolezo hicho ndo obujekti) na nini kisiwe ndo kazi yenyewe. Twende.

Mkuu, uchambuzi na usanifu si kitu kimoja? Kazini tunaviita vyote dizaini.

Hapana ndugu. Kwenye uchambuzi unaielewa shida ya mteja kwa maneno ya mteja mwenyewe, databesi bado, freimuweki bado, unauliza tu hapa kuna vitu gani, vinahusianaje, nani anafanya nini. Usanifu ndo unaamua hayo yote yakae vipi ndani ya programu, methodi ipi (kitendo ambacho klasi inaweza kufanya) iwe kwenye klasi ipi na nani amwite nani. Msomee mteja ulichoandika: akikukosoa, huo ni uchambuzi. Akikukodolea macho tu, ushaingia kwenye usanifu, na pengine mapema mno.

Nimefundishwa kupigia mstari nomino zote kwenye maelezo ya mteja, kila nomino iwe klasi. Nimepata klasi 40 na sielewi kitu.

Hizo nomino ni wagombea tu, hakuna aliyeshinda bado. Chukua mfumo wa maktaba. Mteja anasema "mwanachama anaazima kitabu", basi mtu anatengeneza klasi Kitabu yenye jina, mwandishi, ISBN na kisehemu cha kimeazimwa ndiyo au hapana, na mambo yanaenda vizuri mpaka siku maktaba inanunua nakala tano za kitabu kimoja. Sasa kilichoazimwa ni kipi? Ukirudia rekodi mara tano, jina la mwandishi likikosewa unalirekebisha sehemu tano na moja utaisahau. Yaani mteja akisema kitabu anazungumzia vitu viwili kwa mpigo: kuna kile kilichoandikwa na mtu, chenye jina na mwandishi, na kuna Nakala, ile unayoshika mkononi, yenye barakodi yake na ukurasa wake uliochanika. Watu wanatafuta kitabu, wanaondoka na nakala.

Halafu tarehe ya kurudisha ikae wapi? Kwa mwanachama haikai, ana nakala tatu mkononi. Kwenye nakala nayo haikai, maana mwezi ujao ataichukua mtu mwingine na historia bado unaitaka. Kwa hiyo kuna klasi ya tatu, Uazimaji, inayomjua mwanachama, inaijua nakala na inazijua tarehe, na kwenye nomino zako 40 huenda haimo kabisa kwa sababu mteja aliisema kama kitendo.

Kupunguza hizo 40, tumia kadi za CRC (Class, Responsibility, Collaborator, yaani klasi, jukumu, mshirika), walizozieleza Kent Beck na Ward Cunningham mwaka 1989. Kila klasi kadi moja ya karatasi: juu jina, kushoto majukumu yake, kulia klasi inazoshirikiana nazo. Kadi isiyo na jukumu lolote inatupwa. Faini kwa mfano, kama ni hesabu tu ya siku zilizochelewa basi ni methodi ya Uazimaji, ila kama mtu anaweza kuilipa kidogokidogo au kusamehewa, hapo inastahili kadi yake.

Ni kweli mambo haya yalianza na Java?

Sio kweli. Java imetoka 1995. Klasi, obujekti na urithi (klasi moja kuchukua sifa na methodi za nyingine) vilikuwepo kwenye Simula 67, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kule Oslo, Norway.

Nina klasi Mtu, na Mwanafunzi na Mhadhiri zinarithi kutoka kwake. Sasa kuna mwanafunzi kaajiriwa kufundisha, nifanyeje?

Usitengeneze MwanafunziMhadhiri tafadhali, kesho atakuja mhadhiri anayesoma na pia ni mkutubi. Kwenye lugha kama Java obujekti ikishazaliwa na klasi yake ndo imezaliwa nayo, haibadiliki, wakati binadamu anaanza kazi, anaacha, anarudi shule. Kusoma na kufundisha ni nafasi alizonazo mtu, kwa hiyo Mtu awe na orodha ya nafasi, kila nafasi na tarehe ya kuanza na kuisha.

Urithi ubaki pale ambapo mtoto anaweza kusimama popote mzazi anaposimama na hakuna kinachoharibika, kanuni tunayoihusisha na Barbara Liskov tangu 1987. Hata Java yenyewe imeteleza hapo, Stack (rundo) inarithi Vector (orodha ya kawaida), kwa hiyo unaweza kuchomeka kitu katikati ya rundo wakati rundo linatakiwa liguswe juu tu! Nyaraka zao sasa zinakushauri utumie Deque, foleni unayoiongezea na kuipunguza kwenye ncha zake mbili.

Lazima nijue michoro yote ya UML?

UML ni lugha ya michoro ya kuelezea programu, iko aina 14 na huzihitaji zote. Mchoro wa klasi na wa mfuatano (unaoonyesha nani anamwita nani, hatua kwa hatua) vinatosha kwa kazi nyingi. Mimi napenda zaidi wa mfuatano, maana ukiona mishale yote inatoka kwenye kiboksi kimoja, ushaijua klasi inayobeba mzigo wa wenzake.

Ninayo hiyo, MenejaMaktaba, mistari 3,000. Nianze wapi kuivunja?

Usiiandike upya. Tafuta ndani yake mahali inapochukua data ya klasi nyingine ikaifanyia hesabu yenyewe. Lazima kuna kitu kama `if (uazimaji.getTareheYaKurudisha().isBefore(leo))`, pengine kimerudiwa sehemu kadhaa. Hesabu hiyo ihamie kwa mwenye data, meneja abaki anauliza `uazimaji.umechelewa(leo)`. Andika testi kwanza, hamisha methodi moja, endesha testi, hifadhi, nenda nyingine. Na getta (methodi ya kutoa data tu, kama hiyo getTareheYaKurudisha) ambayo haiitwi tena na mtu uifute palepale, ukiiacha kuna mwenzako ataitumia.