Safari na Mizigo: Chupa za visiwani, hesabu ianzie Dar

SWALI: Habari za kazi, dada. Binti yetu anayefanya kazi Marekani ametulipia mimi na baba yake safari ya meli ya kitalii, zawadi ya miaka 25 ya ndoa. Tunapanda Miami, tunapita Nassau, St. Thomas na Sint Maarten, tunarudi Miami, halafu ndege mpaka Dar kupitia Istanbul. Mume wangu kasikia kwamba St. Thomas pombe ni rahisi sana na kila mtu anaruhusiwa lita 5. Mwezi unaofuata tunapeleka mahari ya kijana wetu, kwa hiyo anataka arudi na mizinga kumi ya wiski ya wakwe. Mimi naogopa pale uwanja wa ndege. Inawezekana? Na tukishanunua, tunaweza kunywa chumbani kwetu melini? Mama wa Tabata Segerea.

JIBU: Nzuri, dada yangu, na hongereni sana. Miaka 25 si mchezo, na binti yenu Mungu ambariki.

Mizinga kumi haiwezekani, labda muwe tayari kulipa. Mwambie shemeji mapema, kabla hajawaahidi watu.

Nimefanya kazi kwenye duka la meli ya kitalii miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na kosa nililoliona kwa wateja wengi ni lile lile: mtu anaanza hesabu dukani, kwenye bei, wakati hesabu ya chupa inaanzia pale atakapoteremkia na mabegi yake. Kwenu ninyi ni Julius Nyerere, mbele ya meza ya forodha ya TRA. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa msafiri aliyefikisha miaka 18 lita 1 ya pombe kali, au lita 2 kama ni mvinyo, bila kulipa ushuru. Kwa hiyo wewe lita moja, shemeji lita moja, basi. Mizinga kumi ya mililita 750 ni lita saba na nusu. Tano na nusu zinazobaki zinatozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT kama pombe nyingine yoyote inayoingia nchini. Duka la kisiwani lilikusamehe kodi ya kisiwani. Ya kwetu halina mamlaka ya kuisamehe.

Mkiamua kuzidisha, tangazeni wenyewe kabla hamjaulizwa, na risiti iwe mkononi ili bei isikadiriwe. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wanatokwa jasho mbele ya begi lililofunguliwa kwa sababu ya chupa ambayo wangeilipia na kuondoka nayo. Aibu ile haina sababu.

Sasa hizo lita 5. Shemeji hajadanganywa, ila kapewa habari ya watu wengine. Kiwango hicho ni cha wakazi wa Marekani wanaorudi kwao kutoka Visiwa vya Virgin vya Marekani, ambavyo St. Thomas ni kimojawapo, tena kina masharti yake: sehemu ya pombe hiyo lazima iwe imetengenezwa visiwani humo. Wauzaji wa pale wamezoea wateja Wamarekani, kwa hiyo wanasema "lita tano" kwa kila anayeingia mlangoni. Mgeni mwenye viza ya matembezi anaporudi Miami, kiwango chake cha kawaida ni lita 1, na awe ametimiza miaka 21. Mnaona basi: Miami lita moja, Dar lita moja. Ukiishika hiyo moja, njia nzima umepona.

Na kwa kuwa nimetaja viza: hakikisheni zenu zinaruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja. Meli ikishaondoka Miami kwenda Bahamas mmetoka nchini, na kurudi ni kuingia upya. Hili ni kubwa kuliko wiski yote ya duniani, liangalieni wiki hii hii.

St. Thomas ni rahisi kweli, na kuna sababu. Charlotte Amalie ilikuwa bandari huria tangu enzi za Wadenmaki, na Marekani ilipokinunua kisiwa pamoja na wenzake mwaka 1917, kwa dola milioni 25, utaratibu huo haukufutwa. Sint Maarten nayo haitozi ushuru wa kuingiza bidhaa, ndiyo maana Front Street ya Philipsburg ni duka baada ya duka. Lakini msishike bei ya kwanza. Chupa za huko nyingi ni za lita 1, na mzinga wa kwetu ni mililita 750, kwa hiyo mkitaka kulinganisha gawanyeni bei yake kwa nne, mzidishe kwa tatu. Tuseme lita ni dola 32: mzinga unakuwa dola 24. Kabla hamjasafiri, piteni Mlimani City au Masaki, mpige picha bei ya ile wiski anayoitaka shemeji. Mkifika kule, toeni simu mlinganishe. Wiski za majina makubwa mara nyingine tofauti yake ni ndogo mno kubebea kioo kutoka bara jingine.

Ushauri wangu wa moyoni: wiski ya Scotland inunueni hapa hapa Dar. Kule nunueni kinachotengenezwa kule. St. Thomas mtaikuta ramu ya Cruzan, inayotoka kisiwa jirani cha St. Croix. Sint Maarten wana pombe ya tunda la guavaberry, tamu yenye uchungu kidogo kwa mbali, na wauzaji wanakuonjesha kabla hujanunua. Mkwe akiwekewa chupa ambayo hajawahi kuiona, na mkamweleza imetoka kisiwa gani, anajua mlimkumbuka mkiwa mbali.

Chukueni chupa moja moja ya lita 1, yenye ujazo ulioandikwa. Mbili za 750 kwa mtu mmoja zimeshazidi.

Kuhusu kunywa chumbani: hapana. Karibu kampuni zote za meli za kitalii zina utaratibu mmoja. Mkirudi kutoka mjini, kila begi linapita kwenye mashine ya eksirei mlangoni mwa meli. Chupa inachukuliwa, inafungwa kikaratasi chenye namba ya chumba chenu, mnapewa stakabadhi, inakwenda stoo mpaka usiku wa mwisho wa safari. Ya duka la humo humo melini nayo hivyo hivyo, inashikwa mpaka mwisho. Wao wanaishi kwa mauzo ya baa, hawataki mnywe cha nje. Kampuni nyingi zinaruhusu kila mtu mzima apande na chupa moja ya mvinyo siku ya kwanza, na mkiinywa kwenye ukumbi wa chakula kuna ada ya kuifungua. Someni masharti ya tiketi yenu. Msimruhusu mtu awafundishe kumimina ramu kwenye chupa ya shampuu. Wale vijana wa mlangoni wanaijua kuliko yeye.

Usiku huo wa mwisho ndio wa kuwa macho. Abiria wanaambiwa watoe mabegi makubwa koridoni kabla ya saa tano au sita za usiku, yabebwe na wapagazi, myakute bandarini asubuhi. Chupa nazo zinarudishwa jioni hiyo hiyo, ama mlangoni kwenu, ama mnazifuata wenyewe. Mara nyingi begi limeshaondoka, chupa ndiyo inafika. Kwa hiyo bakini na begi moja dogo chumbani, na vitambaa vya kufungia. Stakabadhi isipotee. Mkiona saa tatu imepita na chupa hamjaletewa, shukeni mapokezi muulize usiku huo huo, maana asubuhi foleni ya kuteremka haina msamaha.

Miami, kabla ya kukabidhi mizigo kwenye ndege, hamishieni chupa kwenye begi linalokwenda chini. Mkononi hazipiti, kwa sababu kimiminika chochote cha zaidi ya mililita 100 kinazuiwa kwenye ukaguzi. Ule mfuko maalumu uliofungwa na kulakiriwa, wa kupitisha chupa mkononi, unatolewa na maduka ya viwanja vya ndege na ndani ya ndege. Duka la mjini Philipsburg haliutoi.

Kufunga: kaza kifuniko, zungushia nailoni, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, kisha khanga mara mbili tatu, halafu ingiza chupa ndani ya mguu wa suruali ya jinzi ya shemeji. Ilale katikati ya begi, nguo pande zote, isiguse ukingo. Tikisa begi. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Chupa ya lita ya kioo inakaribia kilo moja na nusu, wakati mwingine inapita, ipigieni hesabu kwenye uzito.

La mwisho kwenu: angalieni asilimia. Visiwa vile vinauza ramu ya asilimia 75.5. Pombe inayozidi asilimia 70 hairuhusiwi kwenye ndege kabisa, juu wala chini. Kuanzia zaidi ya 24 mpaka 70 inaruhusiwa begi la chini, isizidi lita 5 kwa mtu, ikiwa kwenye chupa yake ya dukani ambayo haijafunguliwa.

SWALI: Shikamoo mama. Nina baa ndogo Sinza. Binamu yangu ni baharia kwenye meli za kitalii na anasema anaweza kuniletea chupa tatu nne kila akija likizo. Nikiziuza kwa toti kuna shida? Kijana wa Sinza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Shida ipo, na ni ya leseni yako. Msamaha wa forodha ni wa matumizi ya msafiri mwenyewe, si wa biashara. Zaidi ya hapo, tangu 2019 pombe inayouzwa Tanzania inatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki. Mkaguzi akiingia baa yako anaangalia stempu kwanza, na chupa ya binamu haitakuwa nayo. Akuletee moja, mnywe nyumbani kwa furaha ya kuonana. Za kaunta nunua kwa msambazaji, uweke risiti.

SWALI: Sisi tunakwenda karibu zaidi: Mauritius, Réunion, Shelisheli na Maldives kwa meli, kurudi kwa ndege. Tuangalie nini? Na mimi sinywi, nataka manukato. Bi. wa Upanga.

JIBU: Manukato kwanza, bibie: forodha ya Dar inakusamehe nusu lita kwa jumla, pamoja na zile za kujipulizia nyepesi. Inatosha wewe na shoga zako.

Kwa wenzako wanaokunywa, Shelisheli kuna ramu ya Takamaka, inatengenezwa pale pale Mahé. Réunion wanapenda ramu iliyolowekwa vanila na matunda, na sokoni utaiona kwenye chupa zilizojazwa kwa mkono, hazina lebo wala asilimia. Zinapendeza macho, lakini ndege inataka chupa ya dukani iliyofungwa, kwa hiyo wachukue ya kiwandani. Maldives ni nchi ya Kiislamu na hairuhusu mgeni kuingiza pombe. Chupa zilizonunuliwa bandari za nyuma zibaki stoo ya meli, asishuke nayo mtu hata kwenye mkoba. Kama safari yenu inaishia Malé na ndege mnapandia hapo, waulizeni kampuni ya meli kabla hamjanunua chochote Mauritius.