Muulize Sista: "Nilikuwa teja, nataka kuwa nesi"

*Shikamoo sista. Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Mbagala. Nilianza kuvuta unga nikiwa na miaka 17, baadaye nikajidunga. Sasa ni mwaka wa tatu niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, pale Temeke, na miaka miwili imepita sijagusa kete. Kidato cha nne nilipata C ya Baiolojia, C ya Kiswahili, D ya Kemia na D ya Fizikia. Mama anataka niombe chuo cha uuguzi. Kaka yangu anasema najisumbua, teja hakabidhiwi wagonjwa. Mikono yangu ina makovu. Naomba uniambie ukweli.*
*Binti wa Mbagala*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimetoka zamu ya usiku, hata sare sijavua, nikairudia tena kabla ya kulala.

Wasomaji wa siku nyingi wananijua, wapya niwaambie: nami nilikuwa huko. Unga niliutumia miaka sita, maskani zangu zikiwa Magomeni na Kinondoni. Kuanzia 2013 hadi 2016 kila asubuhi nilipanga foleni Mwananyamala, Jumapili na sikukuu zikiwemo, nikanywa dozi yangu ya methadoni mbele ya mfamasia, kisha nikasema "asante" kwa sauti ili ajue nimemeza. Leo ni nesi wa wodi ya watoto. Kwa hiyo kaka yako mwambie wapo waliokabidhiwa.

Tuanze na vyeti, maana hapo hakuna maneno mengi. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Unazo. Hesabu na Kiingereza vinaongeza nafasi tu. Ukishamaliza miaka mitatu ya chuo, kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndipo upate leseni. Kama uliwahi kukamatwa ukaachiwa, hilo ni tofauti na kutiwa hatiani mahakamani. Ajira nyingi zitakuuliza la pili, kwa hiyo kama lipo, litafutie ushauri wa sheria mapema kabla hujalipa ada.

Sasa methadoni. Najua mtaani wanaiita unga wa serikali. Isikuumize. Mtu aliyetulia kwenye dozi yake anasoma, anakariri mifupa ya mwili, anaamka saa kumi na moja. Ninachokuogopea ni haraka. Nimeona wenzangu wakiikatisha wenyewe ili chuo kisijue, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikawashika katikati ya muhula wakarudi maskani. Na mwili uliokaa muda bila unga haubebi tena kipimo cha zamani. Kipimo kilekile mtu alichokuwa amekizoea ndicho kinachomzimisha pumzi. Nimezika wawili namna hiyo, mmoja alikuwa rafiki yangu wa foleni. Usipunguze dozi bila daktari wako. Nenda ukazungumze naye sasa hivi kuhusu saa za mafunzo ya wodini, maana yanaanza asubuhi na kliniki nayo ni asubuhi. Muulize kuhusu dozi za kwenda nazo nyumbani kwa waliotulia.

Makovu. Siku niliyokwenda kwa fundi kushona sare nilimwomba anishonee mikono mirefu. Akacheka, akasema manesi wote huwashonea mifupi. Kweli, tunaacha mikono wazi kuanzia kiwiko kwa sababu tunanawa kutwa nzima, na kitambaa cha mkononi kinabeba vijidudu toka kitanda hadi kitanda. Nikavaa mifupi. Wiki za kwanza nilikuwa nabeba faili kifuani, mkono wa kushoto nimeuficha nyuma yake.

Halafu usiku mmoja wakaleta kijana mapokezi ya dharura, amekauka maji, anatetemeka. Watu watatu walishamtafuta mshipa wakashindwa. Mikono yote migumu kama kamba. Nikainama kumshika, naye akauona mkono wangu. Alinyamaza kidogo, akaninong'oneza, "Sista, na wewe?" Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akavua soksi mwenyewe, akanigeuzia mguu, akanionyesha kwa kidole mshipa pembeni ya kifundo: "Huu bado mzima, nilikuwa nautunza." Niliupata mara moja. Tangu usiku ule sikubeba tena faili kifuani.

Lakini hayo yote si makubwa kama funguo, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Katika wodi kuna kabati la DDA, yaani la dawa kali zinazodhibitiwa. Ndani yake mnakaa mofini, pethidini, diazepamu. Lina kufuli na daftari lake: kila ampuli inayotoka inaandikwa jina la mgonjwa, na watu wawili wanatia sahihi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, wodi ya upasuaji, nilikabidhiwa funguo zamu ya usiku. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kazini nilikotoka. Nilijiona nimeshapona, kwa nini nijichafue? Saa nane usiku mgonjwa wa kitanda cha sita akahitaji pethidini. Nilipofungua boksi, vile vichupa vikagongana. Mlio mdogo tu, kama bangili za mtoto. Nikaanza kupiga miayo. Macho yakatoa machozi, mate yakajaa mdomoni, tumbo likakaza. Miaka mitatu sikuwa nimegusa kitu, na mwili ulikumbuka kwa sekunde moja.

Nilimwita mwenzangu wa wodi ya jirani, tukampa mgonjwa sindano yake, tukasaini. Kisha nikampigia simu inchaji, msimamizi wa wodi, nyumbani kwake, nikalia, nikamweleza kila kitu. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja: "Funguo ziko wapi sasa hivi?" Mwaka mzima uliofuata sikushika funguo za DDA. Tuliliweka kwenye ratiba bila kutaja sababu, wenzangu wakadhani ni ugeni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tafuta mtu mmoja mwenye mamlaka umwambie kabla funguo hazijafika mkononi mwako. Nasema mmoja. Chuoni nilimwamini msichana niliyelala naye chumba kimoja, na kabla ya wiki kwisha bweni zima lilikuwa linafunga makabati nikiingia. Hukuja kutubu mbele ya darasa. Mwalimu mlezi, matroni, inchaji, yule unayeona anatunza siri za wagonjwa vizuri, huyo ndiye.

Na utakapoajiriwa, watapenda kukupeleka kliniki ya methadoni "kwa sababu unawaelewa." Nenda kama moyo wako uko huko, kwa sababu kweli tunahitajika. Ila usikubali iwe ndiyo wodi pekee unayoruhusiwa. Mimi nilipenda watoto, nikaomba watoto.

*Sista, mimi ni nesi, mwaka wa tisa kazini. Nilijifungua kwa upasuaji, maumivu ya mgongo hayakuisha. Nikaanza kujichoma pethidini inayobaki kwenye ampuli. Sasa si mabaki tena. Hakuna anayejua. Nina watoto wawili na mkopo wa benki.*
*Nisitajwe*

Dada yangu, asante kwa kuandika. Hukuandika kuhusu wagonjwa, nami lazima nikutajie: yule ambaye daftari linasema amechomwa pethidini, naye bado anauma meno kwa maumivu, ameelekea ukutani, unamjua. Najua ndiye anayekunyima usingizi.

Huu ni ugonjwa na unatibika. Katika jimbo la Florida, Marekani, tangu 1983 upo mpango wa kisheria unaomtoa nesi wodini kwa muda, unahakikisha anapata matibabu, unamfuatilia, kisha unamrudisha kazini akiwa salama. Natamani sana nasi tulizungumze jambo hili waziwazi, maana woga wa kufukuzwa ndio unaotufanya tuendelee kujificha na funguo mfukoni. Siwezi kukuahidi kwamba hutaadhibiwa. Naweza kukuambia kwamba anayekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekutwa chooni na sindano mkononi, tena kama atakutwa hai.

Kama unatumia na diazepamu pia, usiikate ghafla, inaweza kukuletea degedege. Nenda kwa daktari wa afya ya akili, hospitali nyingine kama hutaki ya kwenu, umwambie dawa zote na vipimo vyake. Mgongo nao utibiwe, usiachwe, la sivyo utarudi palepale.

Ila kabla ya daktari kuna kesho asubuhi. Baada ya ripoti ya kukabidhiana zamu, mwombe inchaji dakika kumi, mlango ukiwa umefungwa. Mpe funguo kwanza, aziweke mfukoni mwake. Halafu ndipo uanze kusema.