Mti wa Krismasi: wa shambani au wa plastiki?

Shikamoo shangazi. Mume wangu anasema kununua mti uliokatwa ni kumaliza misitu. Mimi naona plastiki ndiyo balaa. Tuamulie.

Marahaba. Hukuniambia kama wa plastiki mnao tayari au ndiyo mnataka kuununua, na ugomvi wenu wote uko hapo.

Miti mingi ya Krismasi inayouzwa ni zao la shamba. Hupandwa, ikatunzwa miaka 6 hadi 10 hivi mpaka ifike mita 2, ikakatwa, na mingine ikapandwa. Hoja ya mumeo ina nguvu pale tu mti unapokuwa umeibwa msituni. Wa plastiki kwa kawaida ni plastiki aina ya PVC na chuma, na mingi hutoka China kwa meli. Taasisi ya Carbon Trust ya Uingereza ilikadiria kwamba mti wa plastiki wa mita 2 hubeba kama kilo 40 za hewa ukaa. Wa shambani wa urefu huohuo, ukiishia kuchomwa au kukatwakatwa kuwa matandazo, ni kilo 3.5 hivi. Ukitupwa dampo hufika kilo 16, kwa sababu huozea chini bila hewa na kutoa methani, gesi nyingine inayoongeza joto duniani.

Sasa pigeni hesabu. Mkiwa watu wa kupeleka mti kwenye matandazo, wa plastiki hautaushinda wa shambani mpaka muupambe Krismasi kama 12. Mkiwa watu wa dampo, Krismasi 3 zinatosha. Na kama wa plastiki upo stoo tayari, ufuteni vumbi, mnyamaze wote wawili.

Shangazi, mwaka jana mti wetu ulipukutisha majani ndani ya wiki. Niliuziwa mbovu?

Huenda, lakini nashuku ulikufa kwa kiu. Mti ukikatwa, utomvu huziba kidonda na maji hayapandi tena. Kabla ya kuusimamisha, kata upya kitako cha shina, sentimita 2 zinatosha, kisha uutie majini mara moja. Usichonge maganda pembeni ili shina liingie kwenye kishikio. Sehemu inayonyonya maji iko chini tu ya maganda hayo. Tafuta kishikio kikubwa zaidi.

Halafu maji kila siku. Kadirio ni lita 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana wa shina, kwa hiyo shina la sentimita 10 laweza kumaliza lita 4, hasa siku za mwanzo. Watu hutia sukari, aspirini, hata soda. Maji matupu yanatosha. Uweke mbali na jua la dirishani na kitu chochote chenye joto.

Na ukienda kununua, shika tawi ulivute taratibu kuelekea kwako. Majani mabichi yakibaki mkononi, mwachie muuzaji mti wake.

Wa plastiki umeandikwa haushiki moto haraka. Naweza kuwasha mishumaa?

Hapana. Maandishi hayo yanamaanisha utachelewa kushika, si kwamba hautaungua. Wa shambani uliokauka ndio hatari kuliko yote. Huwaka wote kwa sekunde chache. Tumia taa za LED, ambazo hazipati joto sana, na uzizime mkienda kulala.

Mwanangu ana pumu. Upi salama?

Wote wawili waweza kumsumbua. Wa shambani huingia na kuvu na chavua. Umwagie maji nje, uache ukauke kabla ya kuuingiza. Wa plastiki huja na vumbi la mwaka mzima, basi upanguse nje, mtoto akiwa mbali. Akianza kukohoa hata hivyo, mti utoke.

Wetu wa plastiki umechakaa kabisa. Niuchome?

Usithubutu! PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi hidrojeni inayochoma macho na mapafu, na miti ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani ya plastiki yake. Kuurejeleza nako ni kazi, maana plastiki imesokotwa pamoja na waya. Ung'oe matawi ambayo bado yana sura, uyakunje kuwa shada la mlangoni. Nguzo ya chuma mpe muuza vyuma chakavu.