Muulize Fundi Saa: Usiing'arishe Saa ya Babu

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Babu yangu alikuwa stesheni masta wa Reli ya Kati, kituo chake cha mwisho kikawa Gulwe. Ametuachia saa ya mfukoni ya Longines. Ndani ya kifuniko zimechorwa medali na maneno "Grand Prix Paris 1900". Je, ilitengenezwa Paris mwaka huo? Kuna mtu anainunua kwa shilingi 80,000, na jirani ananishauri niipige polishi kwanza ili bei ipande.
Mjukuu, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo polishi iache kabisa. Mnunuzi naye mwambie asubiri.

Saa yako ni ya Uswisi, imetoka Saint-Imier, mji mdogo wa milimani ambako biashara iliyozaa Longines ilianza mwaka 1832. Medali unazoziona ni tuzo za maonyesho makubwa ya kimataifa. Kiwanda kilijivunia ushindi wa Paris na kikaendelea kuuchora kwenye vifuniko miaka mingi baadaye. Kwa hiyo 1900 inakuambia jambo moja tu: saa hii haikutoka kabla ya hapo. Umri wake halisi umo kwenye namba.

Fungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, kisu kisikaribie. Huenda ukakuta kifuniko cha pili. Nacho kifungue taratibu. Kwenye mashine kuna namba ndefu imechongwa. Ilinganishe na ile iliyo ndani ya kasha. Zikiwa sawa, ni dalili nzuri kwamba mashine na kasha vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Kisha chukua lenzi, utafute alama yenye ukubwa wa punje ya uwele. Ukiona ndege na 0.800, kasha ni la fedha, sehemu 800 kati ya 1000. Ukiona dubu aliyesimama na 0.875, fedha ni safi zaidi.

Alama hizo ndizo polishi inazozila. Kila ukisugua, fedha kidogo inaondoka, na kinachotangulia kwenda ni kile kilichochorwa kwa wembamba. Nimeletewa saa zinazometameta, lakini ndege keshafutika na namba imebaki nusu. Inaniuma sana, maana hakuna fundi wa kurudisha kilichosuguliwa. Mkusanyaji anayezijua saa anapenda kasha lenye mikwaruzo yake kuliko lililong'arishwa. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, basi. Na usiitie ufunguo kila saa kuona kama inatembea: mafuta yaliyokauka yakichanganyika na vumbi letu la Dodoma yanakuwa msasa, na saa ya aina hii kwa kawaida hupiga mara 18,000 kwa saa moja, kila pigo likizidi kuisaga. Isafishwe kwanza.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Longines wanatunza madaftari yao ya zamani, yaliyoandikwa kwa mkono, kuanzia mwaka 1867 walipojenga kiwanda kando ya mto Suze. Saa zimeingizwa humo kwa namba zake. Piga picha nzuri za uso, mashine na namba, uwaandikie idara yao inayoshughulikia urithi. Wakiikuta, watakuambia aina ya mashine, madini ya kasha, tarehe iliyotoka kiwandani na wakala aliyeuziwa. Jibu likija, liweke pamoja na barua za ajira za babu na picha yake yoyote ya stesheni. Kabla ya hapo huna msingi wa kukubali hizo 80,000 wala kuzikataa.

Ila usiitangaze kuwa ni "saa ya reli" kwa sababu tu mwenyewe alikuwa wa reli. Saa zilizoagizwa na mashirika ya reli, kama ya Romania, mara nyingi zina alama ya shirika usoni au mgongoni. Yako kama haina, inabaki saa ya stesheni masta wa Gulwe, na hilo kwangu ni kubwa. Njia ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 ilikuwa moja tu, treni zinapishana stesheni. Mtu aliyesimama pale ilimpasa kujua muda kwa hakika, maana abiria waliokuwa njiani walikuwa mikononi mwake.

SWALI: Kiwanda kinachouza saa mpya kinahifadhi madaftari na saa kuukuu za nini?
Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Kwa sababu mpya zinatoka humo humo. Mwaka 1927 rubani Mmarekani Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa zaidi ya saa 33. Baadaye akachora saa ya kumsaidia rubani kujua alipo kwa kupima jua na nyota, na Longines wakaitengeneza mwaka 1931, kubwa, ya kushikika hata kwa mkono wenye glavu. Miaka mingi baadaye wametoa nyingine kwa mchoro ule ule. Pale Saint-Imier wana makumbusho ya saa zao, na mchoraji wa leo anaweza kuishika ya zamani mkononi badala ya kuibuni kwa kukisia. Natamani mafundi wetu nasi tungekuwa tunaandika kila saa tuliyoifungua: namba, tarehe, kilichobadilishwa.

SWALI: Saa ya mkononi ya marehemu baba ilikuwa inang'aa gizani, sasa haing'ai na namba zimegeuka kahawia. Nizikwangue nipake rangi mpya?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Hapana, dada, tena usiufungue uso wake. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi. Mwanga umekufa kwa sababu rangi imechoka, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa imefungwa na kioo chake kizima, iweke kabatini, mbali na watoto. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia puani au mdomoni. Ukiipeleka kwa fundi, mwambie habari ya rangi hiyo kabla hajagusa kifuniko.