Maswali na Majibu: Kelele Ndani ya Ukumbi wa Bwawa la Kuogelea

SWALI: Nasimamia bwawa la kuogelea la ndani hapa Mbeya. Ukumbi una urefu wa mita 30, upana 16 na kimo 6. Kuta zina vigae, dari ni plasta laini. Shule zikileta wanafunzi, mwalimu hasikiki hata akipiga kelele. Fundi ameshauri tubandike trei za mayai au sponji ya magodoro. Inafaa? (Msimamizi, Soweto, Mbeya)

JIBU: Usibandike hata kimoja. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba: inanyonya sauti kidogo sana, na mvuke wa bwawa utailowesha hadi idondoke. Sponji ni hatari kabisa. Mwaka 2013, katika mji wa Santa Maria nchini Brazil, sponji ya kuzuia sauti iliyokuwa darini mwa klabu ya usiku ilishika moto. Moshi wake wenye sumu ndio ulioua wengi kati ya watu 242 waliofariki. Watoto wa shule hawastahili kuwekewa kitu hicho juu ya vichwa vyao.

Ukumbi wako unavuma kwa sababu maji, vigae na plasta laini hurudisha karibu sauti yote inayovifikia. Kiasi cha mvumo unaweza kukikadiria mwenyewe. Zidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji, yaani eneo la kila uso mara kiwango chake cha kunyonya sauti. Ujazo wako ni mita za ujazo 2,880. Sakafu, maji, dari na kuta kwa pamoja ni mita za mraba 1,512. Tukichukua wastani wa asilimia 5, unyonyaji ni kama mita za mraba 76, na jibu linakuja sekunde 6.1. Huo ndio muda ambao sauti inachukua kushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60. Mwalimu akitamka neno, maneno yaliyotangulia bado yanazunguka ukumbini. Lenga sekunde 2 au pungufu.

Ukiweka mita za mraba 240 za paneli zinazonyonya asilimia 80, muda huo unashuka hadi sekunde 1.8 hivi. Kipimo cha kelele kitashuka desibeli 5 tu, na wengine watakuambia hela imepotea. Haijapotea. Maneno yakianza kusikika, watoto nao huacha kupigizana kelele ili wasikilizane, na hapo utulivu huongezeka kuliko hesabu inavyoonyesha.

Usizipeleke zote darini. Simama katikati ya ukumbi ukiwa mtupu, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaorudi harakaharaka mara nyingi, sauti inagonga ukuta mmoja na kurudi kwenye ule unaotazamana nao. Kati ya zile 240, chukua mita za mraba 40 uziweke ukutani, juu ya mita 2 ili maji na mikono isizifikie: sehemu kwenye ukuta mmoja mrefu, sehemu kwenye mmoja mfupi. Kuta zinazotazamana hazihitaji kufunikwa zote mbili.

SWALI: Paneli za kiwandani ni ghali. Tunaweza kutengeneza wenyewe kwa mbao za huku kwetu? (Fundi seremala, Mafinga)

JIBU: Mnaweza, tena mbao huvumilia hewa ya klorini kuliko vyuma vingi. Tumieni misonobari iliyotiwa dawa na kukauka vizuri. Ndani ya fremu wekeni rokiwuli (nyuzi za mawe zinazofanana na pamba) ya unene wa milimita 50, yenye uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Ifungeni kwa nailoni nyembamba sana, isiyozidi milimita 0.03, ili unyevu usiingie na nyuzi zisidondokee waogeleaji. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafunga kwa turubai au nailoni nene, nayo inarudisha sauti nyembamba, zikiwemo kelele za watoto, kabla hazijaifikia rokiwuli.

Mbele pigilieni vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 45, mkiacha nafasi ya milimita 15 kati ya kimoja na kingine. Hapo uwazi ni asilimia 25. Mkibana nafasi hizo, paneli inageuka ukuta wa kawaida. Nyuma ya rokiwuli acheni milimita 100 za hewa. Hizo ndizo zinazosaidia kunyonya sauti nzito.

Nyanda za juu zina taabu yake: baridi ya Juni na Julai. Paneli huzuia joto la ukumbi lisifike kwenye dari, hivyo dari iliyo nyuma yake inapoa zaidi na mvuke unageuka matone. Basi wekeni kizuia joto juu ya dari, chini ya bati, na acheni kingo za paneli wazi ili hewa ipite nyuma.

Sasa vining'inizio, na hapa tunawasihi msikilize. Mwaka 1985 dari ya zege ya bwawa la Uster, Uswisi, ilianguka na kuua watu 12. Ilikuwa imeshikiliwa na vyuma vya stenlesi, ambavyo hewa yenye klorini ilivipasua polepole bila kutu kubwa kuonekana kwa nje. Msitumie stenlesi ya kawaida ya madukani juu ya bwawa. Pale kimo kinaporuhusu, fungeni fremu moja kwa moja kwenye mbao za kenchi. Penye vyuma, tumieni vilivyopakwa zinki nzito, na mtu apande ngazi kuvikagua kila mwaka, kimoja kimoja.

SWALI: Tuongeze spika kubwa ili matangazo yasikike? (Mwalimu wa kuogelea, Gangilonga, Iringa)

JIBU: Hapana. Spika moja yenye nguvu huongeza mvumo sawasawa na inavyoongeza sauti. Weka ndogo kadhaa, kila moja ikielekea watu wa karibu yake, mbali na maji na kuta tupu. Kwa tahadhari ya hatari, kipenga na ishara ya mkono mliyokubaliana vinafaa kuliko kipaza sauti.

SWALI: Pampu yetu inanguruma kama imemeza kokoto, na kelele zinasikika hadi ukumbini. (Mhudumu wa mitambo, Forest, Mbeya)

JIBU: Mlio huo mara nyingi ni wa viputo vya mvuke vinavyopasuka ndani ya pampu kwa sababu maji hayaingii ya kutosha. Zima, safisha kikapu cha nywele na majani, halafu hakikisha vali ya upande wa kuvuta imefunguliwa yote. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu, ukilinganisha na pwani, kwa kiasi sawa na kanieneo ya maji yenye kina cha mita 2. Pampu inayovuta maji bila shida Dar es Salaam inaweza kulalamika huku. Ikiwezekana ishushe, iwe chini ya kiwango cha maji ya bwawa, na tumia bomba pana na fupi la kuvutia.

Mlio ukiisha lakini mtetemo ukaendelea kufika ukumbini, weka raba nzito chini ya pampu, unganisha mabomba kwa kipande cha mpira kinachopinda, na vishikizo vya mabomba ukutani uviwekee raba. Mpira huo ukague kila unaposafisha kikapu. Ukiona nyufa, badilisha siku hiyohiyo.