Begi mgongoni, mdomo umefungwa: maswali yenu kuhusu zile safari za wanaume porini

Tangu niseme nimerudi porini na wanaume wenzangu kwa mara ya nne meseji hazikatiki, na nusu yenu mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwa hiyo leo najibu kwa pamoja. Kwa ambao hawajui tunaongelea nini: ni safari ya siku tano mpaka saba, kundi dogo la wanaume, viongozi wawili, kila mtu anabeba hema, chakula na nguo zake mgongoni, mchana mnatembea, jioni mnakaa duara mnaongea maisha. Mi sio mwanasaikolojia wala sio kiongozi, ni mtu tu alienda akarudi akaenda tena.

Kaka, kwani lazima nibebe mzigo mlimani ndo nijielewe? Si nikae tu nyumbani nitafakari?

Kaa. Swali langu ni umekaa miaka mingapi mpaka sasa na umetafakari nini zaidi ya madeni na mpira.

Nikueleze ninavyoona mimi. Mwanaume ukimkalisha kwenye kiti, mkatazamana, ukamuuliza "vipi hali yako", atakwambia poa. Hata kama nyumba inaungua nyuma yake atakwambia poa. Lakini mtembeze masaa matatu kwenye njia nyembamba, macho yako chini anatafuta pa kukanyaga, pumzi inamtoka, hakuna anayemwangalia usoni, basi maneno yanaanza kudondoka yenyewe. Kuna jamaa siku mbili nzima alikuwa hajasema kitu zaidi ya "naomba maji". Siku ya tatu tunapanda, yuko nyuma yangu, nikasikia tu "mi na mdogo wangu hatujaongea miaka sita". Sikugeuka. Akaendelea, akasimulia yote mpaka tunafika juu, yani kwa kifupi alikuwa anaongea na begi langu. Mi kazi yangu ilikuwa kutembea taratibu asiishiwe pumzi.

Hata watafiti wameligusa hili kidogo, 2015 wa chuo kikuu cha Stanford waliwatembeza watu dakika 90, wengine kwenye mazingira ya asili, wengine kando ya barabara yenye magari, wale wa kwenye asili wakarudi na yale mawazo ya kujitafuna yamepungua. Dakika 90 tu hizo. Sasa usinisome vibaya, hakuna aliyesema mlima unatibu.

Nina miaka 46, kitambi kipo, ngazi mbili nahema. Nitaaibika?

Utahema, wote tunahema. Ila usiende bila maandalizi, anza wiki nane kabla, vaa begi lenye chupa za maji upande na kushuka ngazi, kila wiki ongeza uzito kidogo. Kushuka usikudharau, kupanda kunamaliza mapafu lakini magoti yanakufa kwenye kushuka. Na kama una presha, sukari au kifua kinabana ukitembea, daktari kwanza, sio utani.

Mzigo: wengi wanasema begi lisizidi asilimia 20 ya uzito wako, ukiwa na kilo 80 ni kama kilo 16, na kwa mtu wa kitambi mi naona bora upungue hata hapo, kwa sababu miguu haijali kilo zimetoka begini au tumboni. Mkanda wa kiunoni uukaze vizuri ukae juu ya mifupa ya nyonga, mzigo unatakiwa ukae hapo, mabega yanashikilia tu. Vitu vizito viweke katikati karibu na mgongo. Nimeona mtu kaning'iniza sufuria nje ya begi, kila hatua ngo ngo ngo, siku ya pili kundi zima lilikuwa linamchukia kimyakimya.

Alafu usidanganywe na kilometa. Mtu anaambiwa siku moja kilometa 12 anacheka, "hizo natembea na kandambili". Kuna hesabu ya mzee mmoja wa Uskoti, Naismith, ya mwaka 1892 mpaka leo watu wanaitumia: saa moja kwa kila kilometa 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo kilometa 12 zenye kupanda mita 900 ni karibu masaa manne bila kupumzika, weka begi, weka kitambi, weka kusimama kunywa maji, mmefika sita.

Nimeshanunua buti. Kuna kingine kuhusu miguu?

Ndiyo, na hapa nitakaa kidogo maana ndo palinifundisha kuliko duara zote. Buti zizoee mguu wako kabla ya safari, kucha kata fupi na nyoofu, soksi za sufu au zile za kukausha jasho, za pamba acha nyumbani. Na ukihisi sehemu moja ya mguu inawaka, hata kama ni kidogo, SIMAMA HAPOHAPO, vua, kausha, bandika plasta ya kitambaa. Lengelenge linaanza kama joto tu, ukiliwahi dakika tano zimeisha mnaendelea.

Mi safari yangu ya kwanza kisigino kiliwaka saa tatu asubuhi. Sikusema. Nilijiambia siwezi kusimamisha watu tisa kwa ajili ya kisigino, nitaonekana mlegevu, nikawa nachechemea huku natabasamu, mtu akiniuliza niko poa. Saa nane buti linavuliwa, soksi imegandana na ngozi, lengelenge limepasuka, nyama nyekundu. Nusu siku nzima ya kundi ikapotea pale, mzigo wangu wakagawana. Kiongozi ananisafisha kidonda na maji safi wala hakufoka, akauliza tu kama mtu anayeuliza saa ngapi: "Wapi kwingine huwa unafanya hivi?" Nilikasirika sana. Usiku ndo nikaanza kuhesabu. Kazini, nilivyoficha hasara mpaka ikawa kubwa. Nyumbani, nilivyoumwa wiki mbili sijamwambia mtu. Yani orodha ilikuwa ndefu kuliko usiku wenyewe.

Ni kweli wanakulazimisha ulie mbele za watu?

Sehemu nzuri hawakulazimishi chochote. Kwenye duara yetu kulikuwa na neno "napita", ukilisema zamu inahamia kwa mwingine na hakuna anayeuliza kwa nini. Nina mtu namjua alipita siku nne mfululizo na akarudi mwaka uliofuata. Ukiona kiongozi anamsukuma mtu mpaka avunjike alafu wengine wanapiga makofi, au mnakatazwa kuwasimulia wake zenu kilichofanyika (siri za wenzako tunza, lakini zako ni zako), au siku ya mwisho mnaambiwa uponyaji kamili uko kwenye kozi ya daraja la pili ambayo ni ghali zaidi, funga begi.

Kabla hujalipa muulize hivi: mtu akivunjika mguu saa nane usiku, siku ya tatu, inakuwaje? Usiulize zaidi, nyamaza sikiliza. Aliye makini atakujibu bila kufikiri, atakwambia nani kasomea huduma ya kwanza ya porini (ile kozi kamili ni ya masaa 70 au 80 hivi, sio ya mchana mmoja), chombo gani cha setilaiti kipo kwa sababu simu zitakuwa hazishiki, njia ya kutokea iko wapi, nani anabaki na kundi. Akikwambia "haijawahi kutokea broo, we kuwa na mtazamo chanya", kimbia. Muulize na la pili, mtu akivunjika moyo je? Hapo wengi ndo wanababaika.

Natumia dawa za msongo wa mawazo. Nataka niziache nikiwa huko, pori linisaidie.

Hapana mdogo wangu. Dawa hizo kuziacha ghafla kunaweza kukuletea shida mbaya, na shida hiyo itakukuta mbali na daktari. Ongea na aliyekuandikia, mwambie kiongozi ukweli kabla ya safari, beba dawa zako na akiba, gawa sehemu mbili moja akae nayo kiongozi begi likilowa. Kiongozi akikuambia hazina maana, rudi juu usome jibu lililopita.

Na kwa yeyote anayesoma hapa ambaye anawaza kujiua, usisubiri tarehe ya safari. Mwambie mtu leo, daktari, ndugu, rafiki, nenda hospitali iliyo karibu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 wanajiua kila mwaka, na wanaume ni takriban mara mbili ya wanawake. Safari ya kambi sio wodi.

Nasikia kuna usiku mnaachwa kila mtu peke yake. Sio hatari?

Wanaita solo. Jambo lenyewe ni la kale sana, jamii nyingi zimewahi kumpeleka kijana akae peke yake nje ya watu, na siku hizi shule kama Outward Bound, iliyoanzia Wales 1941 kwa mkono wa mwalimu Kurt Hahn, zinajulikana kwa hilo. Ikifanywa vizuri sio kuachwa. Kiongozi anajua ulipo, una maji, una pa kujikinga na mvua, una filimbi na mmekubaliana milio, na kuna mahali asubuhi na jioni unaweka jiwe ili ajue uko hai bila kukusemesha. Pakiwa na wanyama wa hatari au mvua kubwa inakuja, solo haifanyiki, basi.

Mi yangu ilikuwa kituko. Saa mbili za kwanza nilitoa kila kitu kwenye begi nikakipanga, nikakunja soksi, nikazikunjua nikazikunja upya, nikasoma maelezo ya pakiti ya plasta mpaka maandishi madogo. Chochote ili nisikae kimya. Giza lilipoingia vitu vya kupanga vikaisha.

Maji na choo?

Maji chemsha mpaka yatokote kweli dakika moja, juu ya mita 2,000 acha dakika tatu, au chuja na utie dawa. Choo ni shimo la sentimita 15 mpaka 20, hatua kama 80 kutoka kwenye maji, njia na kambi, fukia. Karatasi inarudi na wewe kwenye mfuko. Ndiyo, inarudi na wewe.

Kwa nini kila mtu anatukana nguo za pamba?

Kwa sababu pamba ikilowa inabaki imelowa na inanyonya joto lako. Watu wanadhani mwili kupoa mpaka hatari ni mambo ya theluji, lakini nyuzi 10 zenye mvua na upepo zinatosha kabisa. Mwenzako akianza kutetemeka, kujikwaa, kuongea kama mlevi, kushindwa kufunga zipu au akawa mkali bila sababu, asiachwe aseme "niko poa", mvueni nguo mbichi, mvalisheni kavu, muingizeni kwenye begi la kulalia, mpeni kitu cha moto cha kunywa kama anameza vizuri. Akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, hapo hali imekuwa mbaya, omba msaada.

Mke wangu anasema hiyo ni njia ya kisomi ya kukimbia majukumu.

Shemeji ana hoja. Siku saba za wewe kujitafuta ni siku saba za yeye kulea peke yake, na hilo halitajwi kwenye matangazo. Kaa naye, panga nani anamsaidia, na siku zake saba ni lini, kwa tarehe sio kwa maneno. Alafu ukirudi tafadhali usirudi nabii. Mi nilirudi mara ya kwanza nikaanza kumfundisha mke wangu kupumua, amechoka, vyombo vimejaa, namwambia avute pumzi hesabu nne. Aliniangalia tu.

Kwa hiyo wewe umebadilika nini, ukweli?

Kidogo kuliko nilivyotegemea. Bado nafoka, bado nachelewa kulala. Ila nikihisi kitu kinawaka sasa nakisema mapema, mwezi uliopita nimemwambia bosi kazi hii siiwezi kwa muda huu, kabla haijaharibika, sauti inatetemeka kabisa.

La mwisho: mimi nakoroma. Nifanyeje?

Waambie siku ya kwanza, funga hema lako mbali kidogo, na beba vizibo vya masikio vya kugawa. Kundi letu mkoromaji nilikuwa mimi na nililijua siku ya tano, hakuna aliyetaka kusema.